Nani Alikuwa Mkubwa wa Kambi?

Wasomaji wetu waliotoka Mombasa wanapajua Kengeleni, na wengi wanajua kwamba jina hilo limetokana na kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Frere mwenyewe ni Sir Bartle Frere, yule bwana aliyefika Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sayyid Barghash afunge biashara ya watumwa. Kwetu sisi habari zake huishia hapo. Hapa London ana sanamu yake karibu na mto Thames, na wapita njia hawajui hata ni ya nani. Lakini katika historia ya Wazulu jina hilo hukumbukwa kwa jambo jingine kabisa: ndiye aliyewaletea vita vya mwaka 1879.

Vita hivyo vimeandikwa sana, na wengi wetu tuliokuja kusoma huku tumevijua kwa filamu ya Zulu ya mwaka 1964, ambayo televisheni za Uingereza hazichoki kuirudia. Mazungumzo huwa ni ya mikuki na bunduki. Mimi nataka kushughulika na swali moja tu: nani alikuwa na amri? Waswahili husema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, lakini katika vita hivi kuna jambo ambalo methali haikulitaja. Chombo kilipokwisha kuzama, manahodha waliookoka wote waliukana usukani, ukabaki mikononi mwa yule aliyekufa maji.

Tuanze juu kabisa. Frere alifika Cape mwaka 1877 akiwa Gavana wa koloni hilo na Kamishna Mkuu wa Afrika ya Kusini. Shabaha yake ilikuwa kuunganisha makoloni yote ya huko chini ya bendera moja, na ufalme wa Wazulu, wenye jeshi lake lenyewe, aliuona kuwa ni mwiba. Mwaka 1878 tume ilichunguza ugomvi wa mpaka baina ya Wazulu na Makaburu wa Transvaal, ikaona haki kubwa iko kwa Wazulu. Frere aliitangaza hukumu hiyo siku ile ile aliyotoa masharti ya kuifanya isiwe na maana. Tarehe 11 Desemba 1878, chini ya mti kando ya mto Thukela, wajumbe wa Mfalme Cetshwayo waliambiwa kwamba ndani ya siku 30 mfalme wao avunje mfumo wa amabutho. Hayo ni makundi ya rika, na ndiyo yaliyokuwa jeshi, nguvukazi na utaratibu wa ndoa wa taifa zima. Kumwambia mfalme ayavunje ni kumwambia ajiuzulu.

Serikali ya London haikutaka vita hivyo wakati ule, kwa kuwa ilikuwa na vita vingine Afghanistan. Lakini waya wa simu haukuwa umefika Cape, na barua ilichukua wiki kadhaa baharini. Waziri wa Makoloni, Hicks Beach, alimlalamikia Waziri Mkuu kwamba bila simu hawezi kumdhibiti Frere, na kwamba hata angekuwa nayo hana hakika. Kabla majibizano hayo ya barua hayajafika mwisho, tarehe 11 Januari 1879, jeshi lilikuwa linavuka mto Mzinyathi kuingia nchi ya Wazulu.

Jeshi hilo liliongozwa na Luteni Jenerali Lord Chelmsford. Aliligawa katika safu kadhaa, kila moja na kamanda wake. Safu ya tatu, iliyovukia Rorke's Drift, ilikuwa ya Kanali Richard Glyn wa Rejimenti ya 24. Kwa bahati mbaya ya Glyn, Chelmsford mwenyewe aliamua kusafiri na safu hiyo. Tangu siku hiyo Glyn alibaki kamanda wa jina. Jenerali ndiye aliyechagua pa kupiga kambi, aliyepanga doria na aliyetoa amri ndogondogo, na wasaidizi wa Chelmsford hawakuelewana na wasaidizi wa Glyn. Meja Clery, msaidizi wa Glyn, aliandika barua nyingi zenye uchungu juu ya jambo hilo. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ambayo mkuu wa mkuu wake hukaa naye meza moja ataielewa hali hiyo bila maelezo zaidi.

Kisha kulikuwa na Kanali Anthony Durnford, mhandisi wa jeshi, aliyepewa safu ya pili, ambayo karibu askari wake wote walikuwa Waafrika wa Natal. Mwaka 1873, katika ugomvi wa serikali ya Natal na Chifu Langalibalele, Durnford alipelekwa milimani akiwa amekatazwa kufyatua risasi ya kwanza. Alitii. Watu wake kadhaa waliuawa, yeye akapata jeraha lililoulemaza mkono wake wa kushoto, na walowezi wakamlaumu kwa kutii. Miongoni mwa waliouawa ubavuni pake ni mkalimani wake, Elijah Khambule, Mkristo wa Edendale. Mtoto wa Elijah, Simeon Khambule, mwaka 1879 alikuwa sajini meja wa askari wa farasi wa Edendale chini ya Durnford huyo huyo.

Tarehe 14 Januari Durnford alipata habari kwamba Wazulu wanakaribia kuvuka mto kuingia Natal, akaanza kusogeza watu wake bila kungoja ruhusa. Chelmsford alimwandikia barua kali: akirudia kutenda kinyume cha maagizo, atanyang'anywa safu yake. Ikumbukwe barua hiyo, kwa sababu siku nane baadaye mtu huyu aliyekaripiwa kwa kujiamulia alitakiwa ajiamulie.

Tarehe 20 Januari safu ya tatu ilipiga kambi chini ya mlima Isandlwana. Hawakuchimba handaki wala hawakuzungusha magari ya ng'ombe kufanya boma, ingawa maagizo ya Chelmsford mwenyewe kwa jeshi lake yalitaka kambi zilindwe. Usiku wa kuamkia tarehe 22 zilikuja habari kwamba doria imekutana na Wazulu upande wa kusini mashariki. Chelmsford aliondoka kabla ya mapambazuko na karibu nusu ya jeshi, akamchukua na Glyn. Kambi aliachiwa Luteni Kanali Henry Pulleine, mtu aliyejulikana zaidi kwa kazi za utawala wa jeshi, na maagizo yake yalikuwa kuilinda.

Wakati huo huo Chelmsford aliamuru Durnford aitwe kutoka Rorke's Drift. Amri iliandikwa na katibu wake wa kijeshi, Crealock, ikapelekwa na luteni kijana aliyeitwa Smith-Dorrien. (Huyu aliokoka, akawa jenerali. Mwishoni mwa 1915 aliteuliwa kuongoza majeshi ya Waingereza dhidi ya Wajerumani Afrika ya Mashariki, akaugua njiani, na nafasi yake akapewa Smuts.) Amri ilimtaka Durnford aende kambini mara moja na askari aliokuwa nao. Akifika afanye nini, akae chini ya nani au juu ya nani, haikusema.

Durnford alifika kama saa nne na nusu asubuhi. Kwa cheo alimzidi Pulleine, kwa hiyo kwa desturi ya jeshi amri ya kambi ilipaswa kumwangukia. Luteni Cochrane, aliyekuwapo na akaokoka, alieleza baadaye kwamba Pulleine alimkabidhi Durnford hesabu ya askari na maagizo ya kulinda kambi. Masimulizi mengine yanasema Durnford alijibu kwamba hakuja kukaa wala kumwingilia mwenzake. Huenda yote mawili ni kweli. Wakala chakula. Habari zikaja kwamba Wazulu wanaonekana vilimani, na Durnford akaogopa wasije wakamzunguka jenerali kwa nyuma. Akataka kombania mbili za Rejimenti ya 24 aende nazo. Pulleine alisita, na Luteni Melvill akasema kwamba amri ya kulinda kambi hairuhusu kuzitoa. Durnford hakushindana naye, akaondoka na watu wake.

Mimi nikisoma habari za mazungumzo hayo huona ajabu ya adabu yao. Hakuna aliyepiga kelele. Mwenye cheo hakutaka kuonekana mnyang'anyi, na mwenye kambi hakutaka kuonekana mkaidi. Durnford aliomba kama mgeni mahali ambapo angeweza kuamuru, na Pulleine akakataa kama mwenyeji mahali ambapo alipaswa kutii. Walipoachana pale, kambi ilikuwa na wakubwa wawili wenye mipango miwili: mmoja wa kukaa, mmoja wa kwenda mbele.

Karibu na saa sita mchana askari wa farasi wa Durnford walifika ukingoni mwa bonde la Ngwebeni, wakatazama chini, wakaliona jeshi lenyewe: Wazulu wapatao 20,000, wamekaa kimya. Yaliyofuata yanajulikana. Kombania za Pulleine zilitandazwa mbali na kambi, kwa sehemu ili kumsaidia Durnford aliyekuwa mbele yake upande wa kulia, na Durnford alirudi nyuma kwa kuchelewa. Mstari ulikatika. Kambi ilikuwa na watu wapatao 1,700, na zaidi ya 1,300 walikufa, mamia kati yao Waafrika waliovaa kitambaa chekundu kichwani ili Mwingereza asiwapige risasi kwa makosa. Durnford na Pulleine walikufa wote wawili. Simeon Khambule na wenzake wa Edendale walivuka Mzinyathi kwa utaratibu, wakageuka ukingoni, wakawafyatulia risasi waliokuwa wakiwafukuza wakimbizi. Hakuna aliyehitaji kumwuliza Khambule nani ana amri.

Isidhaniwe kwamba upande wa Wazulu amri ilikwenda kama maji mferejini. Mfalme Cetshwayo alibaki oNdini na kuwapa jeshi wazee wawili, Ntshingwayo kaMahole na Mavumengwana kaNdlela. Maagizo yake yalikuwa ya mtu anayejua kwamba vita vitaisha kwa mazungumzo: wasiwashambulie Wazungu waliojichimbia, na wasivuke mpaka kuingia Natal. Alitaka ionekane wazi nani mvamizi. Tarehe 22 ilikuwa siku ya mwezi kufa, siku isiyofaa kwa vita, na wazee hawakukusudia kupigana. Lakini walipogunduliwa bondeni, vikosi vya vijana viliruka vikaanza kazi bila kungoja neno. Ntshingwayo alifanya lililowezekana: akavizuia vikosi vya nyuma, akavipanga, akazipa pembe mbili za jeshi umbo lake. Ndiyo maana ushindi ule unahesabiwa kuwa wake ingawa hakuuanzisha.

Vikosi hivyo vilivyozuiwa nyuma havikupata sehemu ya vita. Mchana ule Dabulamanzi kaMpande, ndugu wa mfalme kwa baba, alivivusha mto kwenda Rorke's Drift. Hakuwa ameteuliwa kuviongoza, ila damu ya kifalme ilikuwa na sauti kuliko uteuzi. Agizo la mfalme lilivunjwa, na Wazulu mamia wakafa mbele ya ukuta wa magunia ya mahindi. Tarehe 29 Machi, huko Khambula, jambo hilo likarudi kwa gharama kubwa zaidi: mfalme amekataza kushambulia boma, vijana wa iNgobamakhosi wakachokozwa na wapanda farasi, wakaenda.

Na huko Rorke's Drift kuna kisa kidogo ambacho ni kama kioo cha Isandlwana. Meja Spalding, mkuu wa kituo, alipotaka kuondoka mchana ule alimwuliza Luteni Chard: wewe na Bromhead, nani mkubwa? Chard hakujua. Spalding akafungua orodha ya maofisa, akatazama tarehe zao, akamwambia Chard kwamba amri ni yake, na kwamba bila shaka hakuna litakalotokea. Filamu inaufanya ukubwa huo kuwa ugomvi wa matajiri na mafundi. Kwa kweli ulikuwa ni kazi ya dakika moja na kitabu. Usiku ule watu kama 150 waliokuwa pale walijua wamsikilize nani.

Tarehe 27 Januari baraza la uchunguzi lilikaa Helpmekaar. Mashahidi walikuwa wanane, wote maofisa Wazungu. Askari Waafrika waliookoka, waliokuwa na Durnford tangu asubuhi hadi mwisho, hawakuulizwa. Crealock alitoa maelezo kwamba amri aliyoiandika ilimtaka Durnford achukue uongozi wa kambi. Basi lawama ikapata mwenyewe: Durnford alikuwa mkubwa, Durnford aliitoa kambi ulinzini, na Durnford amekufa. Maandishi ya amri yalipopatikana baadaye, maneno hayo hayakuwamo. Hata hivyo mwaka 1880, katika Bunge la Malodi, Chelmsford alikuwa bado akimbebesha marehemu mzigo.

Aliyemtetea marehemu ni mwanamke, Frances Colenso, binti wa Askofu Colenso wa Natal. Alimpenda Durnford, mtu mwenye mke aliyetengana naye, na hakuolewa tena na mtu mwingine yeyote. Mwaka 1880 alitoa kitabu kwa jina la bandia la kiume, na kingine pamoja na Edward Durnford, ndugu wa kanali. Aliamini kwamba karatasi zilizotolewa katika mwili wa Durnford zilifichwa, akahangaika hadi uchunguzi ukafanyika mwaka 1886. Mtuhumiwa aliachiliwa, na mwaka uliofuata Frances akafa kwa kifua kikuu.

Baada ya Isandlwana Chelmsford akaingia katika mvutano mwingine, na Sir Henry Bulwer, Luteni Gavana wa Natal. Chelmsford alitaka Waafrika wa Natal waliokusanywa kulinda mpaka wavuke mto wakachome vijiji na kuteka ng'ombe, ili Wazulu wavurugike. Bulwer alikataa. Watu hao, alisema, waliitwa kuilinda nchi yao, na wakivuka kuchoma, Wazulu watavuka kulipiza. Jenerali aliona ni utovu wa nidhamu: wakati wa vita raia hamwamrishi askari. Kesi ikapelekwa London. Wakati wakubwa wakiandikiana, uvamizi ulifanywa, na tarehe 25 Juni Wazulu walivuka pale Middle Drift na kulipiza kisasi. Waliouawa walikuwa wanavijiji wa Natal, ambao hakuna kati ya wagomvi wawili hao aliyewahi kuwauliza.

Tarehe 1 Juni ile swali la Isandlwana lilikuwa limekwisha kuulizwa tena. Louis Napoleon, mtoto wa Napoleon III, aliyeishi uhamishoni Kent na kusomea mizinga Woolwich, alikuwa amekuja vitani kama mtazamaji. Alitoka doria na Luteni Carey na wapanda farasi wachache, wakashambuliwa, akauawa. Nani alikuwa mkuu wa doria? Carey alisema ni mwana wa mfalme, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akitoa maneno yote. Wakubwa walisema ni Carey, kwa kuwa mwenzake hakuwa na cheo katika jeshi la Uingereza. Mahakama ya kijeshi ilimtia Carey hatiani, na hukumu ikatenguliwa London.

Wakati huo serikali ilikuwa imechoka. Mwishoni mwa Mei ilimteua Sir Garnet Wolseley, ikampa mamlaka ya kiraia na ya kijeshi kwa pamoja, juu ya Chelmsford na juu ya Bulwer, na ikamwondolea Frere sauti katika mambo ya Natal na Wazulu. Wolseley alifika Durban tarehe 28 Juni na kumwandikia Chelmsford asianze jambo kubwa. Akapanda meli ili amwahi kwa njia ya pwani, lakini mawimbi yakamkatalia kushuka. Tarehe 4 Julai Chelmsford, mwenye habari zote za kuondolewa kwake, alipanga mraba wa askari karibu na oNdini na kuwashinda Wazulu kwa mizinga na bunduki za Gatling. Alitaka ushindi uwe wake kabla mwenye amri mpya hajatokea. Kisha akajiuzulu.

Na Wolseley, aliyeletwa kwa sababu amri imegawanyika mno, alifanya nini? Baada ya Cetshwayo kukamatwa tarehe 28 Agosti, aliigawa nchi ya Wazulu kwa machifu 13, hakuna aliye juu ya mwenzake. Mmoja alikuwa Hlubi, aliyepigana upande wa Durnford pale Isandlwana. Mwingine alikuwa Zibhebhu, na mwingine mzee Ntshingwayo. Cetshwayo alipelekwa Cape, akaletwa London mwaka 1882 akamwona Malkia Victoria, akarudishwa kwao Januari 1883 juu ya kipande tu cha nchi yake. Tarehe 21 Julai mwaka huo Zibhebhu aliishambulia oNdini. Mfalme alitoroka akiwa na majeraha. Wazee wengi wa baraza lake hawakuweza kukimbia, na miongoni mwa waliouawa siku ile, kwa mikuki ya Wazulu wenziwe, alikuwamo Ntshingwayo kaMahole.